Mtaa Unaotazama Mto: Mwongozo kwa Wanaopanga Kingo za Mito Kitale na Bungoma

Ramani ya kwanza utakayoletewa itakuwa imekata ploti hadi ukingoni mwa maji. Irudishe. Utaona safu za ploti za futi hamsini kwa mia, barabara ya mita 9 katikati, na safu ya mwisho ikielekeza milango barabarani na mgongo mtoni. Kwenye karatasi haina kasoro. Subiri miaka mitano: nyuma ya kila ukuta bomba la maji machafu limetokeza, taka zimerundikwa, kibanda cha kuku kimesogezwa hatua tatu kuelekea majini, na hakuna anayeuona mto ila yule anayekwenda kuutupia kitu.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umeteuliwa kwenye bodi ya manispaa, ikiwa wewe ni mpima ardhi, ikiwa familia yenu inataka kukata shamba linalopitiwa na kijito, au ikiwa wewe ni mwakilishi wadi aliyepata fungu la barabara na hajui aanzie wapi. Nimeiwazia miji miwili. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini yake, kama mita 1,400, na mto Khalaba unaupitia mji. Jambo kubwa ni moja, na mengine yote yanalifuata: kati ya jengo la mwisho na mto pawe na mtaa wa umma, na milango ya majengo iutazame mto.

Mtaa huo si pambo. Ndio mlinzi wa mto asiyelipwa mshahara. Penye watu wanaopita mchana na jioni, penye kioski na steji, mtu hatajenga choo chake usiku akategemea hakuna aliyemwona. Ukuta wa nyuma hauna macho. Kaunti inaweza kuajiri maaskari na kuweka vibao vya onyo, lakini bikoni ya mpima ardhi hung'olewa kwa jembe. Barabara yenye watu ni vigumu kuing'oa.

Miji hii miwili ina deni la pamoja. Vijito vya Kitale huteremka hadi Nzoia, Khalaba nao ni mkono wa Nzoia, na Nzoia hupita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole kisha huenda kumwaga maji yake Ziwa Viktoria, ikipita Budalang'i ambako watu wameishi na mafuriko na kuta za udongo kwa miongo mingi. Kwa miaka mingi kampuni moja ya maji, Nzoia Water Services, ilihudumia Kitale na Bungoma pamoja na Webuye na Kimilili. Kwa hiyo mhandisi wa Kitale anapochora mtaro unaomwaga moja kwa moja mtoni, anamchorea mtu wa Budalang'i ambaye hatamwona kamwe.

Anza na mita 30

Kenya haina kipimo kimoja cha hifadhi ya kingo za mto, na hapo ndipo madalali wanapopata riziki. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zinataja kiasi hichohicho, zikipima kuanzia pale mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa yalipofika. Kanuni za mipango za mwaka 1998 zilisema mita zisizopungua 10. Wakili mzuri atakuchagulia ile inayompendeza mteja wake.

Wewe chukua 30 popote ardhi inapoiruhusu, na usishuke chini ya 10 hata kwenye kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka. Sababu ya kwanza ni maji. Sababu ya pili ni mahakama na matingatinga. Agosti 2018 Nairobi ilibomoa Ukay Centre huko Westlands na South End kwenye barabara ya Lang'ata, majengo makubwa yaliyokuwa yakifanya biashara kwa miaka. Baada ya mafuriko ya 2024, nyumba zilizo ndani ya mita 30 huko Mathare na Mukuru zilivunjwa, na wengi wa waliovunjiwa walikuwa wapangaji ambao hawakuwahi kuona ramani yoyote. Ukiruhusu ujenzi ndani ya mstari leo, unamwandalia mtu fulani siku hiyo.

Sasa tazama hesabu ambayo kila dalali wa Kitale anaijua bila kuisema. Ploti ya hamsini kwa mia ina urefu wa futi 100, yaani karibu mita 30 na nusu. Hifadhi kamili ya mto ni karibu sawasawa na safu moja ya ploti. Ndiyo maana safu hiyo haiachi kuonekana kwenye michoro: kama shamba lina mita 200 za ukingo, kuna ploti 13 pale, na mwenye shamba atakuambia unampora ploti 13. Mjibu kwamba hakuwa nazo tangu mwanzo. Ardhi inaweza kubaki kwenye hati yake, maana kanuni hizi zinazuia matumizi na hazimnyang'anyi mtu umiliki, lakini haiwezi kujengwa, na atakayeiuza kama ploti anauza kesi.

Kipimo cha mafuriko usikitafute kwenye kompyuta peke yake. Nenda na mpima ardhi mkiwa na rangi na vigingi, muwaulize wazee waliokaa pale maji yalifika wapi wakati wa mvua kubwa za 1961, wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na mwaka 2024. Wazee hawakubaliani kila mara, ila mara nyingi wanakubaliana kuhusu mti: maji yalifika kwenye mti fulani, au hayakufika. Weka kigingi hapo. Kisha ndipo upime mita zako.

Kuhusu vibali nisikuchoshe. Ruhusa ya maendeleo hutoka kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, Mamlaka ya Rasilimali za Maji huhusika na chochote kinachogusa ukingo au maji yenyewe, na NEMA huhusika na tathmini ya mazingira. Peleka mchoro kwa wote watatu kwa wakati mmoja. Ukiupeleka kwa mmoja kwanza, wa pili atakubadilishia, na utaanza upya. Uliza pia barabara husika ni ya nani: kuna za mamlaka za kitaifa, yaani KURA, KeRRA na KeNHA, na kuna za kaunti, na mtu wa kaunti akiweka kabro kwenye barabara ya KeNHA atakuja kuitoa.

Mkato wa mtaa wenyewe

Baada ya mstari wa hifadhi, nje yake, weka mtaa wa mita 12. Si 9. Nitaeleza mita hizo 12 zinakwenda wapi, ukianzia upande wa mto.

Mita 3 za kwanza ni za kutembea. Watu wawili wenye mizigo wapishane bila mmoja kushuka, na mama mwenye kiti cha magurudumu asiombe njia. Zinazofuata ni mita 2 za mtaro wa nyasi na miti, nitarudi kwake. Halafu mita 4.5 za magari: zinatosha magari mawili kupishana polepole, zinatosha gari la zimamoto, na hazitoshi mtu kukimbia. Zilizobaki, mita 2.5, ni njia ya miguu mbele ya maduka, ambako mteja anasimama na mwenye duka anatoa bidhaa nje kidogo, kwa sababu atazitoa upende usipende.

Usiongeze njia ya magari. Bungoma tayari ina barabara ya njia mbili kila upande inayopita mjini kati ya Kanduyi na Musikoma. Magari ya haraka yana pa kupita. Mtaa wa mtoni ni wa mwendo wa kilomita 30 kwa saa au pungufu, na mwendo huo huletwa na upana wa njia na vivuko vilivyoinuliwa, wala hauletwi na kibao. Mhandisi wako atataka mita 7 kwa sababu ndizo alizozoea kwenye barabara za mashambani. Muulize magari hayo yanakwenda wapi. Mtaa wa kingo haufiki popote. Unamfikisha mtu mtoni.

Majengo ya safu ya kwanza yawe na mlango au dirisha la biashara linaloutazama mto, na hilo liandikwe kwenye masharti ya ruhusa ya ujenzi, si kwenye hotuba. Kataza ukuta wa mawe uliofunga kabisa upande huo. Kama mwenye ploti anaogopa wezi, akubaliwe uzio wa vyuma unaoonekana ndani. Vyoo na mashimo ya maji taka yakae upande wa pili wa ploti, juu, ambako mfereji mkuu wa maji taka unaweza kuyafikia.

Wakati mwafaka wa kupata mita hizi 12 ni mmoja tu: siku shamba linapokatwa. Mwenye shamba akiomba kugawanya ardhi, hutoa sehemu ya barabara bila kulipwa, na ndivyo barabara nyingi za mitaa yetu zilivyopatikana. Ukichelewa hadi ploti ziwe na hati 40 za watu 40, utalipa fidia ambayo bajeti ya kaunti haina. Pembezoni mwa Kitale mashamba makubwa ya zamani ya walowezi yanaendelea kukatwa vipande. Mwenye ofisi ya mipango anayechelewa kufungua faili anapoteza mto huku akinywa chai.

Ndani ya mita 30 zenyewe fanya kidogo. Njia nyembamba ya udongo ulioshindiliwa, na palipo na matope, ubao ulioinuliwa juu ya nguzo. Huna haja ya kwenda ng'ambo kuona inavyofanyika. Hifadhi ya Saiwa, kaskazini mwa Kitale, ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi, na wageni huipita kwa miguu juu ya njia za mbao bila kukikanyaga kinamasi. Makumbusho ya Kitale nayo ina njia ya kutembea ndani ya msitu wa asili ulio kando ya mto, mjini kabisa. Peleka kamati yako sehemu hizo mbili kabla ya kuipeleka mkutano wowote wa hoteli Mombasa.

Mitaa inayoshuka

Watu wengi huuwazia mtaa unaoufuata mto na kuisahau ile inayoushukia. Mimi ningeanzia hiyo. Mtaa unaoshuka ni mtaro mkubwa kuliko mitaro yote uliyojenga. Chukua mtaa wa upana wa mita 10 na urefu wa mita 300. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake alasiri moja, mtaa huo peke yake, bila kuhesabu mapaa, umepokea lita 150,000. Hayo ni magari 15 ya maji ya lita 10,000, yote yakishuka kwa pamoja na oili ya gereji, mchanga, na chupa za plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilisaidia sana mitaro yetu, lakini chupa zilibaki.

Usiyaache maji hayo yafike chini yakiwa na nguvu. Yakatie njia mara tatu au nne kabla ya kufika: kivuko kilichoinuliwa hapa kinachoyaelekeza pembeni, kishimo cha kunasa mchanga pale, shimo la mti lililo chini ya usawa wa barabara ili linywe. Kwenye mapaa, sharti la tangi la kuvunia maji kwa kila jengo jipya ni la bei nafuu kuliko mtaro wowote. Udongo wa Kitale, ule mwekundu, hunywa vizuri ukiachiwa wazi. Ukiufunika wote kwa kabro, unautaka mto ufanye kazi ya udongo.

Nisieleweke vibaya kuhusu kabro. Ni nzuri, hutengenezwa hapahapa na vijana, hung'olewa na kurudishwa bomba likipasuka. Ubaya ni ule mtindo wa kuitandaza hadi kwenye tope la mto, kisha kupaka mawe rangi nyeupe na nyeusi na kuita hiyo bustani.

Chini kabisa, mtaa unaoshuka unapokutana na ule wa kingo, ndipo mtaro wa nyasi wa mita 2 unapofanya kazi yake. Njia ya magari ielemee upande wa mto kidogo, asilimia 2 inatosha, maji yaingie kwenye nyasi, yapunguzwe kasi na vizuizi vya mawe kila mita 15 au 20, yaache mchanga wake, kisha yatoke mtoni mahali palipopangwa mawe ili ukingo usichimbike. Mtaro wa nyasi si mtaro wa zege uliopandwa nyasi juu. Ni mpana, hauna kina cha kumvunja mtu mguu, na mbuzi wataula. Panda nyasi zinazovumilia kuliwa.

Kalvati. Hapa miji yetu imezoea ubahili unaogharimu. Bomba la milimita 600 chini ya barabara inayovuka kijito cha mjini ni mtego wa taka: godoro moja kuukuu linaliziba na maji yanapanda barabarani. Weka kalvati la boksi, au daraja dogo, lenye nafasi ya mtu kuingia ameinama na sepetu kulizibua. Na sakafu ya daraja la watembeaji iwe juu ya kile kigingi cha wazee, si juu ya maji uliyoyaona Januari.

Palipo na mwinuko mkali, weka ngazi na mteremko pamoja. Kiti cha magurudumu kinahitaji mita 12 za mteremko kwa kila mita 1 ya kushuka. Mkokoteni wenye magunia unahitaji karibu mita 20, la sivyo uzito wa magunia utamkimbiza mwenye mkokoteni hadi chini. Pindisha mteremko mara mbili ikiwa lazima. Ngazi peke yake huwafungia nje wengi wa wale wanaokwenda mtoni kila siku.

Ni mitaa mingapi ishuke? Kila mita 100 mmoja, au 150 ukibanwa. Na usiache mwisho wake uwe pembe iliyokufa. Mahali mtaa unapoishia majini bila kitu ndipo panapogeuka jalala. Pafanye papana kuliko mtaa wenyewe, paonekane kutoka juu, pawe na benchi, kivuli, na kibali cha kioski kimoja au viwili.

Wenye mto tayari wako pale

Huendelezi ardhi tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilikaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa mjini Kitale pamoja na baraza la manispaa ya wakati huo, wakapanga mitaa yao wenyewe. Watu wa mitaa kama hiyo hawaanzi na bustani. Wanaanza na maji safi, choo, na mahali pa kupita bila kuvua viatu. Kama mchoro wako una chemchemi ya mapambo na hauna njia ya kwenda chooni, wameshaujua ni wa nani.

Kaa mtoni kuanzia alfajiri, siku ya kawaida na siku ya soko, uandike nani anafika na anafanya nini. Utawakuta wanaofua, wanaochota, wenye nduma na sukuma wiki kwenye tope, wafyatua matofali, vijana wanaoosha magari, na wenye pikipiki waliozamisha magurudumu majini. Hao wa mwisho ndio wanaofukuzwa kwanza, na wanarudi kesho yake mita 50 juu zaidi. Usiwafukuze, wahamishe hatua 40. Watengenezee sakafu ya zege nje ya hifadhi, yenye bomba la maji na tangi la kunasa oili, wawe na chama na ada. Kuosha gari ni biashara inayohitaji maji, haihitaji mto.

Boda boda watakuwa wengi kuliko magari, maana hii ndiyo nchi yao: mpaka wa Busia na Malaba, ambako baiskeli za kuvusha watu ziliipa kazi hii jina, uko jirani. Wape steji zenye kivuli kwenye kona za juu, pale mtaa unaoshuka unapoanza. Ukisahau steji watajichagulia wenyewe, na watachagua kivuko cha watembeaji.

Sasa Bungoma ina jambo ambalo hakuna kitabu cha usanifu kitakachokufundisha. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti inapofika, vijana wa Babukusu hupelekwa mtoni alfajiri kupakwa tope kabla ya kutahiriwa, kisha husindikizwa nyumbani kwa wimbo wa Sioyaye na umati nyuma yao. Tope hilo halichotwi popote. Kuna mahali pake, na familia zinapajua. Kuna kaunti zilizo na wataalamu wa kutosha kujengea zege mahali kama hapo bila kuuliza. Waulize wazee wa koo husika wakuonyeshe, kisha uachie ukingo ule kama ulivyo, bila ngazi za zege wala taa, na njia ya udongo iufikie. Na kwa kuwa desturi inataka kijana asirudi kwa njia aliyoendea, mtaa mmoja unaofika mtoni hautoshi. Pawe na miwili inayotokea upande mmoja wa mji, yenye upana wa kubeba umati unaokimbia na kuimba, isiyo na vyuma vya kuzuia pikipiki katikati. Kwa mwaka mzima unaobaki, njia hizo mbili zitawafaa wenye mikokoteni na watoto wa shule. Hapo hapo utakutana na makanisa yanayobatiza mtoni. Nayo yanahitaji ukingo wa mteremko mpole na maji yanayofika kiunoni, na mara nyingi waumini wake wako tayari zaidi kutunza mahali pao kuliko idara yoyote.

Miti na taa

Mikaratusi iondoe kwenye hifadhi, hata kama mwenyewe anasubiri kuiuza kama nguzo. Mwache avune, kisha asiipande tena. Badala yake panda mikuyu penye nafasi kubwa, lusiola kando ya mtaa kwa sababu inasimama wima na haipasui njia ya miguu haraka, na mianzi kwenye kona ambako mto unakula ukingo. Matawi ya chini yakatwe hadi urefu wa mita 2 ili mwanamke anayepita saa moja jioni aone aliyesimama mbele yake. Kichaka kirefu kando ya njia, hata kiwe cha maua, ni kosa.

Taa ndefu za mulika mwizi zinapendwa na wanasiasa kwa sababu zinaonekana kutoka mbali. Kwenye mtaa wenye miti zinaangaza juu ya majani na kuacha giza chini. Nunua nguzo nyingi fupi za mita 4 au 5, za jua ikiwezekana, zikiangaza njia ya miguu na si maji. Betri ziwekwe juu, zimefungwa vizuri. Zikiwa chini hazimalizi mwezi.

Pesa na majira

Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30. Kwa sababu hiyo zabuni nyingi husainiwa kwa haraka kati ya Machi na Mei, na mkandarasi huingia na tingatinga kwenye ukingo wa mto wakati mvua zimeshika kasi. Udongo uliochimbuliwa huenda mtoni wote, na barabara inashindiliwa ikiwa tope. Panga kinyume: zabuni iwe tayari Septemba au Oktoba, kazi ya udongo ifanywe Desemba hadi Februari, miti ipandwe mwishoni mwa Machi mvua zikianza. Kama pesa zimechelewa, tumia miezi ya mvua kwa kazi za mbali na ukingo: nguzo, kabro, mapipa, steji.

Kama fungu halitoshi, na kwa kawaida halitoshi, jenga kwa mpangilio huu. Kwanza mstari wa hifadhi uwekwe vigingi vya zege na usajiliwe. Pili mitaro na kalvati. Tatu njia za miguu za mitaa inayoshuka. Lami au kabro ya magari iwe ya mwisho; mtaa wa murramu wenye mitaro mizuri utavumilia miaka miwili. Viongozi watataka kinyume chake kwa kuwa lami ndiyo inayopigwa picha. Miji ya Kenya imewahi kupata pesa za Benki ya Dunia kupitia mpango wa KUSP kwa ajili ya barabara, mitaro na taa, na bodi ya manispaa yenye michoro iliyokamilika kabla ya fungu kutangazwa huwa mbele ya ile inayoanza kutafuta mchoraji siku pesa zinapofika.

Usisahau fungu la matunzo. Vishimo vya mchanga visipozolewa kabla ya kila msimu wa mvua vimekufa, na hakuna mkandarasi atakayerudi bure. Wape kazi hiyo vijana wa mtaa uleule kwa mkataba wa mwaka mzima, mchanga wanaozoa wauze wenyewe.

Katika mkataba wa ujenzi, kipindi cha dhamana kiwe kirefu kiasi cha kupita msimu mzima wa mvua, na sehemu ya malipo ibaki mikononi mwa manispaa hadi hapo. Barabara iliyokabidhiwa Januari ikiwa kavu bado haijajaribiwa. Mwezi Mei, mvua ikinyesha au ikiwa imetoka kunyesha, mkandarasi, mhandisi wa manispaa na mwakilishi wa wakazi watembee pamoja kutoka kichwa cha mtaa hadi majini wakiwa na mchoro mkononi, waandike kila dimbwi, kila mtaro uliofurika na kila mahali ukingo ulipoanza kumomonyoka. Orodha hiyo ikamilishwe kwanza, ndipo cheti cha mwisho kitiwe sahihi.